Hatua Hamsini Kutoka Baharini

Mzee Abubakari aliteremka kwenye bajaji pale Mkonze, Dodoma, taulo begani, kandambili mkononi, akauliza bahari iko wapi.

Antonia, mwenye nyumba ya wageni, alikuwa akinyunyizia maji vumbi la uani. Akatazama kushoto: shamba la zabibu. Akatazama kulia: kilima na mbuzi wa jirani.

"Shikamoo, mzee. Karibu. Bahari... pumzika kwanza."

"Marahaba, mwanangu. Tovuti yenu inasema ni hatua hamsini tu kutoka mlangoni."

Antonia alimwingiza chumba namba moja, akakimbilia jikoni kumpigia Jordan, mtaalamu aliyemtengenezea tovuti.

"Jordan, kaja mwingine! Si ulisema umeshaifuta ile bahari?"

"Nikiifuta nani atakuja, mama? Mtandaoni watu wanatafuta maji, hakuna anayetafuta vumbi. Shika ushauri wa kitaalamu: mteja akilalamika, usibishane naye. Mkirimu, halafu mwombe nyota tano kabla hajatoka nje."

"Ametokea huko huko nje! Dodoma yote iko nje!"

Simu ikakatika.

Mwezi uliopita maharusi wawili walikuja kula fungate. Waliondoka asubuhi, wakaandika mtandaoni: "Tumetembea hatua hamsini. Tumekuta kanisa." Nyota moja. Tangu siku hiyo vyumba vilikuwa vya mende. Maoni mengine ya namna ile, na Antonia angefunga milango, akahamie Chang'ombe kwa dada yake, alale sebuleni akisikiliza shemeji anavyokoroma.

Kwa hiyo jogoo alichinjwa. Perege wa bwawa la Mtera alikaangwa. Jioni mzee aliletewa beseni kubwa la maji ya uvuguvugu aloweke miguu, na Antonia akatia chumvi kidogo, kwa heshima ya tovuti.

Mzee hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Antonia. Miguu ikiwa ndani ya beseni, mzee alitoa daftari.

"Mpaka sasa wangapi wamekuja kutafuta bahari?"

"Saba, mzee."

"Waliokasirika, uliwapa chai kwanza au maelezo kwanza?"

"Chai."

Mzee akaandika. "Na waliotukana?"

"Chai na maandazi."

Akaandika tena, akapigia mstari.

Antonia hakupata usingizi. Dodoma mtu mwenye daftari na asiyecheka ni serikali. Asubuhi alimkuta mzee amesimama barabarani akipiga picha kibao cha nyumba, kisha mzee akamsogelea na kumuuliza Jordan anakaa mtaa gani. Hapo Antonia akaketi palepale kwenye ngazi.

"Mzee wangu, nisamehe. Bahari hakuna. Tangu Mungu aumbe Mkonze, haijawahi kuwepo. Mwanzoni nilijua, nikanyamaza, kwa sababu vyumba vilikuwa vitupu na nilichoka kumtandikia vitanda mtu asiyekuja. Kama ni kunifungia, nifungie. Ila nakuomba, usiniandike mtandaoni."

Mzee Abubakari alifunga daftari. Aligeuka huku na huku kuhakikisha hakuna anayesikiliza, akaketi kando yake.

"Mimi sina mamlaka ya kumfungia mtu, mwanangu. Nina nyumba ya wageni kule Busi, humu humu Dodoma, na tovuti yangu nimetengenezewa na Jordan huyo huyo," alisema kwa sauti ya chini. "Kesho nawapokea watu wanne wanaokuja kuteleza kwenye theluji."