Taulo la Bingwa

Doa lilitoka kwa kusuguliwa mara moja tu. Maji ya ndoo yakawa mekundu, yakanuka udongo, na Sidonie akajikuta ameshika taulo jeupe pee.

Ndipo alipoiona kadi kwenye kiti alikolitoa: 1911.

"Yesu wangu! Nimefua damu ya bingwa."

Taulo lenyewe hakuwahi kuliona. Keyur, mwenye ukumbi huu wa ndondi pale Woolwich, alilifungia kabatini kama dhahabu za mkewe. Leo kalitoa kwa sababu ya mgeni. Na Sidonie, mtu wa Bukavu, akisikia mgeni anakuja hufua hata kisichovaliwa.

Habari za bingwa alizijua zote, maana Keyur aliwasimulia watu kila siku, yeye Sidonie akipiga deki. Ned Pellow, mtoto wa muuza makaa. Mapambano arobaini, hakuangushwa hata mara moja. Mkanda kaushika miaka sita. Pambano la mwisho pua ikapasuliwa raundi ya tatu, akajifuta kwa taulo hili, akarudi, akamlaza mwenzake raundi ya kumi na tisa. Hakuoa, wala hakutaka mtu chumbani akibadili nguo.

Saa nne Ann, mtaalamu wa vitu vya kale, anakuja kulipima. Likithibitika, ukumbi unahifadhiwa kama urithi. Lisipothibitika, unabomolewa, kazi inakwisha, na bila barua ya kazi ya kumwombea viza, bintiye Plamedi atabaki Bukavu. Miaka saba hajamshika mtoto huyo mkono.

Sasa ni saa mbili na nusu. Bucha bado limefungwa. Na hata lingekuwa wazi, mtaalamu gani asiyeijua damu ya mbuzi?

Akalikausha taulo chooni, kwenye mashine ya kukaushia mikono, mashine inalia naye analia. Kisha akachomoa pini kwenye kilemba, akafumba macho, akajidunga kidole gumba. Hakikutosha. Akaenda cha pili, na cha tatu. Mwisho akanyunyizia chai ya rangi, doa lizeeke kidogo.

Ann alipofika, Keyur alikuwa anatoka jasho kama yeye ndiye wa kupigana.

"Lazima lipimwe?" akauliza. "Macho hayatoshi?"

"Macho hudanganywa," Ann akasema, akakata uzi mmoja kwa mkasi mdogo.

Sidonie akaficha vidole ndani ya aproni. Ameshanusa sabuni huyu bosi, akawaza. Ameshajua.

Siku kumi Keyur hakula cha maana wala hakumsimulia mtu habari za Ned. Sidonie naye, kila Plamedi alipopiga simu, aliiacha ilie.

Siku ya kumi na moja Ann akarudi, mashavu yamemwiva kwa furaha.

"Ni damu ya binadamu. Hakuna shaka."

Sidonie akaegemea ukuta. Keyur akakaa chini polepole.

"Ya binadamu?"

"Na bado," Ann akasema. "Bingwa wenu alikuwa mwanamke."

Keyur akamgeukia Sidonie, akavitazama vidole vyake vitatu vyenye plasta, akavitazama tena. Kisha akamwinamia, akanong'ona kwa Kiswahili, mzungu asisikie:

"Mama Plamedi, mimi nililipaka bitiruti."