Tochi Inayozama

Ragnhild alizitumbukiza tochi zote tatu kwenye ndoo ya maji, ile iliyowekwa katika duka la bandarini kwa ajili ya wateja wabishi. Mbili zikaibuka zikiwaka. Ya tatu, fupi kama kidole gumba, ikazama na kubaki chini, ikimulika kitako cha ndoo.

"Hiyo iache, dada yangu," muuzaji akacheka. "Ikikuponyoka baharini, ndiyo basi tena. Chukua inayoelea."

"Nataka hiyo hiyo."

"Mbishi kama mumeo! Na yeye siku ile nilimwambia..."

Akageuzia macho kwenye ndoo. Boti ya mumewe Ragnhild ilizama kabla ya Krismasi, nje kidogo ya ghuba, na wazamiaji walirudi mikono mitupu.

Ragnhild aliingiza mkono ndani ya ndoo, maji ya baridi yakamfika kwenye kiwiko. Akaitoa tochi, akaifuta kwa sweta lake. Ilikuwa bado inawaka.

"Miaka yote ya ndoa yetu," akasema taratibu, "hakuwahi kulala mpaka nimwachie taa ya koridoni."

Muuzaji aliipokea tochi, akaifungua, akatia betri mpya, kisha akakaza kifuniko kwa nguvu zake zote.