Mlima Uliovimba Siku ya Harusi

"La saba hilo!" Ladina alicheka peke yake, darubini machoni. Poromoko la theluji liliteremka likivuma, likatawanyika bondeni kama unga uliomwagika. Akaandika: saa tatu na dakika kumi, upande wa mashariki, dogo, limeanguka lenyewe.

Kijiji kilimwajiri kutazama theluji, na neno lake ndilo lililofunga au kufungua barabara. Tangu alfajiri alikuwa kibandani, kwenye mwinuko ulio juu ya kanisa, koti refu limemfunika hadi kwenye buti. Furaha ilikuwa imempanda hata akawa anaimba huku akiandika.

Redio ya mawasiliano ilikoroma.

"Wee mama! Mimi Gaudenz, mjomba wa bwana harusi, niko naye hapa kizuizini na magari matano. Nimesafiri siku mbili, bibi harusi mwenyewe hata sura simjui, na wewe unanifungia njia! Jua linawaka, theluji gani unayoiogopa?"

"Shikamoo mzee. Ya leo haitoki mawinguni. Upepo unaikomba nyuma ya mlima na kuilundika huku, juu ya barabara. Mteremko umevimba kama mkate uliozidi hamira."

"Mkate! Supu ya shayiri inapoa huko, na bibi harusi analia!"

Ladina aliuma mdomo asicheke. "Halii."

"Umejuaje?"

"Kijiji kidogo, mzee wangu."

"Una wivu tu! Harusi za wenzako zinakuwasha!" Watu wakaangua kicheko nyuma yake. "Dereva, washa gari. Tunapita!"

Kicheko kilimkauka Ladina. "Mzee, nakuomba. Ukisogeza gurudumu moja, unampeleka bwana harusi kaburini."

Redioni injini iliunguruma. Ikaunguruma tena. Kisha ikazimwa.

Dakika nane baadaye ufa mwembamba ulikimbia kutoka upande mmoja wa mteremko hadi wa pili, na mlima ukavua nguo. Kibanda kilitikisika. Wingu jeupe lilipotulia, barabara haikuwapo. Pale ambapo magari matano yangekuwa yakipita, theluji ilifika vilele vya misonobari.

"Mpo?" alipiga kelele. "Mzee, mpo?"

"Tupo." Sauti ya Gaudenz ilikuwa imepungua. "Wote. Nisamehe, binti yangu."

Ladina alicheka hadi machozi yakamtoka, akaruka ruka mpaka mbao za sakafu zikalia. "La nane! Na kubwa kuliko yote! Haya, mlima umeshatua mzigo. Nampigia mwenye tingatinga aje akwangue njia. Jioni mtakuwa kanisani."

Kule barabarani redio ilipita mkono mwingine. Sasa alikuwa Riet, bwana harusi, naye akicheka kwa kutetemeka.

"Ladina, mjomba anauliza nani atamwonyesha bibi harusi tukifika."

"Mwambie wameshazungumza," alisema Ladina, akavua koti na kuanza kukunjua pindo la gauni lake jeupe.