Ufuo wa Majemadari Wawili

Majemadari wawili, wakigombea ufuo,
Adui hana shughuli, hupita pasi kituo.

Kasa alikuwa amefukia mayai yake ufuoni, na Kenge na nduguze wakaapa kuja kuyala. Nyati mwenye nguvu akawa jemadari wa bara. Papa mwepesi akawa jemadari wa bahari, wayalinde pamoja. Wakaafikiana kwamba maji yakijaa, ufuo ni wa Papa, na yakipwa, ni wa Nyati. Hakuna atakayeingia zamu ya mwenziwe bila kuomba.

Kenge wakaja wakiogelea, maji yalipopwa nusu.

"Wakuu wangu, hao wanakuja!" Kasa akapiga ukelele.

Nyati akaingia majini kuwazuia. Papa akamkinga njia. "Rudi, mla majani! Maji yangalipo. Niombe kwanza."

"Nikuombe wewe, usiye hata na goti la kupiga? Mchanga nauona. Rudi kilindini!"

"Ombaneni baadaye," Kasa akalia, "watoto wangu wataliwa!"

"Nyamaza, mama!" wakamkemea kwa sauti moja, na hilo tu ndilo walilopatana.

Nyati akakita miguu matopeni asirudi nyuma. Papa akajilaza mbele yake asimpishe. Maji yakazidi kupwa, hata Papa akabaki mchangani akitweta.

"Sasa ufuo ni wangu," akasema Nyati. Akajivuta, lakini matope yalikwisha kumfika tumboni.

Kenge wakapita katikati yao, taratibu.

Maji yaliporudi, juu ya shimo la mayai walikuwa wamesimama Kenge tu, wameshiba.