Boneti la Marhoon

Marhoon alikuwa ameshavunja vifungo viwili vipya vya boneti la gari lake, na sasa alikishika cha tatu kwa koleo, akikikaza kama nati ya lori.

Nilisimama uani na ndoo ya nguo. Sikuruhusiwa kuligusa gari lile, hata kwa kitambaa. Dada wa kazi aliyenitangulia alirudishwa kwao kwa mkwaruzo mmoja.

Ni gari dogo la mbio, jepesi mno. Wiki iliyopita boneti liliruka pale Ansab, likaokotwa juu ya paa la dobi.

"Gari hilo, au kishada?" mama yake akauliza kutoka dirishani. "Nna khofu leo mtafika Qantab kwa kupaa."

"Mama, tafadhali! Wenzangu wako njiani."

Kifungo kikaanza kulia.

Mimi nina haya. Hata chumvi mezani naiomba kwa macho. Lakini kifungo kile nilikifahamu. Kilikaa sawasawa na mfuniko wa sufuria ya presha: unabonyeza, unazungusha kidogo tu, unaacha.

Nikaweka ndoo chini. Nikalisogeza koleo lake, nikabonyeza kwa kidole gumba, nikageuza robo.

Tak.

Marhoon akalivuta boneti. Halikutikisika. Kisha akaitazama alama ya kidole changu, yenye povu la sabuni, juu ya rangi nyekundu.

"Nani kakufundisha?"

"Maharage, bosi."

Halafu akanisogezea kopo la vifungo, na kigoda chake.