Sauti ya Joka

Tausi aliingia nyumbani bila kuvua viatu, mkononi ana kitabu cha sita cha katuni wanazosoma na mdogo wake, kile cha mwisho. Alikuwa amekimaliza njiani akitoka chuoni, na mdomo ulikuwa unamwasha.

"Weee Rehani, hutaamini! Joka anakufa! Anamkinga binti mfalme kwa mabawa yake, halafu..."

Mdogo wake alikuwa ameshatandika mkeka na kuweka mito miwili. Vitabu vyote vitano vya mwanzo walivisomea hapo kwa sauti, Tausi akiwa joka, Rehani binti mfalme.

"Umekisoma bila mimi, dada?"

"Nilitaka kuchungulia tu, mpenzi..."

"Na mwisho umeshaniambia. Basi kisome peke yako."

Rehani akaingia chumbani, akafunga mlango. Tausi akabaki kajishika mdomo, lakini kachelewa.

Baadaye akauburuta mkeka hadi mlangoni kwa Rehani, akafungua ukurasa wa kwanza. Akajikohoza, akatoa sauti yake nzito ya joka: "Nani anapita kwenye pango langu?"

Kisha akangoja, kidole kwenye maneno ya binti mfalme, sikio mlangoni.