Gigabaiti Arobaini

"Futa folda ya matangazo ya vifo," alisema mkurugenzi wa redio, amesimama nyuma ya kiti cha Mwanaheri, fundi wa kompyuta. "Diski imejaa. Gigabaiti arobaini za kazi gani?"

"Nipe dakika kumi, bosi."

Mwanaheri alifungua programu ya kupima diski, aliyoiandika mwenyewe, akaiongezea kipimo kimoja. Kila faili lilikuwa tangazo la marehemu mmoja, basi hesabu haikumsumbua. Aliandika amri ileile ya kila siku, akamalizia na neno "watu", akabonyeza.

Vifo: watu 9,312.

"Haya," alisema, vidole vikiwa juu ya kibodi. "Nifute wangapi?"

Mkurugenzi alivuta kiti, akaketi, akaziomba hedifoni.